Ziwa la Haramaya: Maji Yaliyoondoka na Maji Yaliyorudi

Sisi tunaoishi Lokandu, kando ya Lualaba, hatuamini kwa urahisi kwamba maji yanaweza kuisha. Mto unapita mbele yetu usiku na mchana, kiangazi na masika. Tangu zamani, mji huu ulipoitwa Riba-Riba, mto umekuwa barabara yetu, soko letu na ghala letu. Wagenya wamezaliwa juu yake na kuzeeka juu yake. Mtu akituambia kwamba samaki wanaweza kuondoka na wasirudi, tunacheka kwa adabu na kumwonyesha mto.

Lakini wapo watu wengine waliocheka hivyo, na historia yao inafaa kusimuliwa. Waliishi kando ya ziwa la Haramaya, upande wa mashariki wa Ethiopia. Ziwa lao lilikauka mbele ya macho yao, likawa uwanja wa kuchungia ng'ombe. Na baada ya miaka mingi maji yalirudi. Tumeichagua habari hiyo kwa sababu ina pande zote mbili. Habari za maji yaliyopotea ni nyingi duniani, za maji yaliyorudi ni chache, na hizo chache zina mengi ya kutufundisha.

Haramaya liko katika nyanda za juu za Harar, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Halikuwa ziwa kubwa kama Tanganyika au Kivu. Hata lilipojaa, eneo lake halikufika kilomita za mraba 5, na mtu aliyesimama ukingoni aliiona ng'ambo. Wala halikulishwa na mto mkubwa kama wetu. Lilikuwa kama sinia katikati ya vilima: mvua ilinyesha juu ya vilima, maji yakateremka polepole, nalo likayapokea. Yatupasa kulikumbuka jambo hilo, kwa maana ndilo linaloeleza yote yaliyofuata. Uhai wa ziwa lile ulianzia mbali na ufuko, juu mlimani, katika ardhi ambayo wengi hawakuihesabu kuwa sehemu ya ziwa.

Hata hivyo lilikuwa na kina cha kutosha kuua. Mwaka 1915 Tafari Makonnen, aliyekuwa wakati huo gavana wa Harar na ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Mkuu Haile Selassie, alivuka ziwa hilo kwa mashua pamoja na wenzake. Mashua ikaingia maji na kuzama. Yeye aliokoka, lakini watu kadhaa walikufa maji, miongoni mwao Abba Samuel, mwalimu wake wa tangu ujana, mtu aliyelelewa katika elimu ya wamisionari Wakapuchini wa Harar. Kwa hiyo ziwa hilo lina nafasi katika historia ya nchi nzima. Tunalitaja tukio hilo pia ili msomaji apime mabadiliko. Pale mashua ya gavana ilipozama, miaka 90 baadaye mtoto angeweza kupita kwa miguu bila kulowesha kidole.

Miaka ya 1950 ilileta jirani mpya. Serikali ya Ethiopia, ikisaidiwa na chuo kikuu cha jimbo la Oklahoma huko Marekani, ilijenga karibu na ziwa chuo cha kilimo, ambacho Mfalme Mkuu alikizindua mwaka 1958. Chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Haramaya. Tangu miaka ya 1960 ziwa likaanza pia kuunywesha mji wa Harar, mji wa kale wenye ukuta na misikiti mingi, ulio umbali wa chini ya kilomita 20. Ndani ya ziwa walipandikizwa samaki, tilapia na kambale, na wavuvi wakapata riziki. Ziwa moja dogo lilikuwa kisima cha mji, chakula cha vijiji, mahali pa kunyweshea mifugo na kituo cha ndege wa majini. Hakuna aliyeona hatari. Kila mmoja alichukua sehemu yake, na kila asubuhi maji yalikuwa yangalipo.

Lilikaukaje, basi? Msomaji asitafute adui mmoja. Hakuna jeshi lililolikausha, wala mgeni aliyelinunua. Walilikausha watu wengi, kila mmoja akiwa na haki yake ndogo na sababu yake njema.

Sababu ya kwanza ni mji. Harar ulikua; watu waliongezeka, na mabomba yakavuta zaidi mwaka hata mwaka. Nani angewaambia akina mama wa mjini wasinywe?

Sababu ya pili ni shamba. Katika vilima vya Harar hulimwa kat, majani ambayo ndugu zetu wa Kenya huyaita miraa au mirungi, na ambayo watu huyatafuna ili kuchangamka. Bei ya kahawa ilipanda na kushuka bila mkulima kuwa na la kusema, lakini kat ilileta fedha za uhakika. Katika mji mdogo wa Awaday, karibu na ziwa, kulikua soko kubwa la majani hayo, yanayosafirishwa hadi Jibuti na Somalia yakiwa mabichi. Nayo kat ina tabia moja: mkulima akiimwagilia maji, huchumwa hata wakati wa kiangazi, na wakati huo ndio bei yake hupanda, kwa kuwa mashamba yasiyo na maji hayana kitu. Kwa hiyo mkulima alihitaji maji mengi zaidi katika miezi ile ile ambayo ziwa lilikuwa na maji machache zaidi. Kwanza alichota kwa ndoo. Baadaye zikaja mashine za kusukuma maji, na mtu mmoja akaweza kuchota kwa siku moja maji ambayo babu yake hakuyachota kwa msimu mzima.

Sababu ya tatu ilifanya kazi kimyakimya, nayo ni udongo. Miti ya vilimani ilikatwa kwa kuni na kwa kupanua mashamba. Mvua iliponyesha haikuzama ardhini kama zamani, bali ilikimbia mteremko ikibeba udongo, na udongo wote ukaishia ziwani. Sinia likawa sahani. Maji yaliyokuwa na kina yakatandazwa juu ya tope, na maji ya kina kifupi hupashwa joto upesi, nalo jua huyanyanyua upesi. Hivyo ziwa lilipungua hata mahali ambapo hakuna mtu aliyeingiza ndoo.

Hapa tunafika kwenye jambo linalotugusa sisi tuliofunzwa ualimu. Wataalamu waliishi karibu na ziwa lile. Chuo cha kilimo kilikuwa jirani, na utafiti ulifanywa. Mwaka 2003 mtaalamu wa Ethiopia, Brook Lemma, alichapisha maandishi yaliyolinganisha Haramaya, lililokuwa likinyonywa maji, na ziwa jingine la nchi hiyo, Hora-Kilole, lililoharibiwa kwa namna tofauti, yaani kwa kuelekezewa maji ya mto. Ujuzi haukukosekana, ila haukugeuka kuwa mapatano kati ya mchota maji, mkulima, mchungaji na mtawala. Kujua ugonjwa ni hatua moja. Kukubaliana ni nani aache nini ni hatua nyingine, na hatua hiyo ya pili haifanywi darasani.

Kufikia mwaka 2005 ziwa lilikuwa limekauka. Samaki walikwisha, ndege wakahama, mitumbwi ikabaki bila kazi. Mifugo ikalishwa mahali palipokuwa maji. Watu wakachimba visima katika kitanda cha ziwa, wakaendelea kuyavuta yaliyobaki chini ya ardhi, na wengine wakalima hapo hapo. Mjini Harar foleni za mabidoni zikawa ndefu, na maji yakawa bidhaa ya kununuliwa. Hatimaye serikali, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilijenga mradi wa kuyavuta maji kutoka mbali, katika bonde la Dire Jara upande wa Dire Dawa, na kuyapandisha mlimani kwa mabomba.

Tunaomba msomaji asimame kidogo mbele ya tofauti hii. Mji ulipokosa maji ulipewa maji mengine, kwa gharama kubwa, lakini ulipewa. Mvuvi alipokosa ziwa hakupewa ziwa jingine. Kitu cha wote kinapopotea, wenye sauti hupata fidia na wasio na sauti hupata simulizi tu. Lakini hesabu haina budi kuwa ya haki: mkulima wa kat naye hakuwa tajiri mwovu. Wengi wao walikuwa na vishamba vidogo na watoto wa kusomesha. Aliyekausha na aliyekaukiwa waliweza kukaa kijiji kimoja, pengine nyumba moja.

Sasa tuje kwenye kurudi kwa maji. Kwa miaka mingi chuo kikuu, viongozi wa mahali na wanavijiji walifanya kazi vilimani. Miteremko mingine ilifungwa, mifugo isiingie. Matuta yalichimbwa kuzuia maji yasikimbie. Miti ilipandwa, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo iliongezewa nguvu na kampeni kubwa ya nchi nzima ya kupanda miti. Na kwa kuwa Harar sasa ulipata maji kutoka kwingine, mzigo mmoja mzito ulipungua. Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka 2019 na 2020, zile zile zilizojaza maziwa mengi ya Afrika Mashariki, na ambazo hata kwetu Kongo zilikumbukwa na ndugu wa Uvira na Kalemie, Tanganyika ilipopanda hadi kwenye nyumba zao. Pale Haramaya maji yalikusanyika tena. Uwanja wa ng'ombe ukawa ziwa, ndege wakarudi, mitumbwi ikaonekana, na samaki wakaanza kufugwa upya ndani yake.

Je, ni miti iliyolirudisha ziwa, au ni mvua? Wapenda miti husema ni miti, na wengine hudai kwamba mvua ingelijaza hata kama watu wangelala. Sisi tunaona kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Hakuna mtu aliyeitengeneza mvua ile. Lakini mvua ikinyesha juu ya kilima kitupu huwa mafuriko ya saa moja, nayo huleta tope. Ikinyesha juu ya kilima chenye matuta na majani huwa maji ya miezi. Mvua hupewa watu, kinga la kuipokea hutengenezwa na watu. Aliyetengeneza kinga kabla ya mawingu ndiye aliyekuwa na kitu mikononi yalipopita.

Tena kurudi kwa maji hakukuwa bure. Wale waliokuwa wamelima katika kitanda cha ziwa waliyaona mashamba yao yakizama. Wachungaji waliozoea miteremko iliyofungwa walilazimika kutafuta malisho kwingine. Kila mara ardhi au maji ya wote yanaporudishwa kwa wote, kuna mtu aliyekuwa ameshajijengea maisha juu ya upungufu ule. Ukimfukuza bila kumpa njia nyingine, atarudi usiku na mashine yake. Hii ndiyo sababu ziwa lililorudi bado limo hatarini: kat bado ina soko, mashine bado zipo, na tope la zamani bado limelala chini.

Ili tuone vizuri zaidi nini hurudi na nini hakirudi, twende mara moja katika nchi tuliyoijua kwa majina tangu utoto wetu. Kaskazini mwa Ziwa la Galilaya, mto Yordani ulipitia ziwa dogo liitwalo Hula na bwawa kubwa la mafunjo. Huko waliishi Waarabu walioitwa Ghawarna, waliovua samaki na kusuka mikeka ya mafunjo. Wengi wao waliondolewa na vita vya mwaka 1948. Kati ya mwaka 1951 na 1958 ziwa hilo na bwawa lake vilikaushwa kwa makusudi. Wahandisi walichimba mifereji, maji yakateremshwa, na ardhi ikagawiwa kwa kilimo. Nia zilizotangazwa zilikuwa mbili, na zote zilisikika njema: kumaliza malaria na kupata mashamba.

Ardhi haikutii mpango. Udongo wa bwawa, uliofanywa na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ulipokauka ulianza kushuka chini na kugeuka vumbi, na mahali pengine ulishika moto chini kwa chini. Rutuba iliyokuwa imefungwa ndani yake ilioshwa na mvua hadi Ziwa la Galilaya na kutishia usafi wa maji ambayo watu walikunywa. Sehemu ndogo ilihifadhiwa, ikafunguliwa mwaka 1964 kama hifadhi ya asili, na mwaka 1994 eneo jingine likajazwa maji tena. Leo korongo kwa makumi ya maelfu hutua hapo wakisafiri kati ya Ulaya na Afrika. Chura mmoja wa Hula, aliyetangazwa mwaka 1996 kuwa ametoweka duniani, alionekana tena mwaka 2011. Lakini samaki wa aina fulani, walioishi katika ziwa lile na kwingine popote hawakuwapo, hawajaonekana tena. Wavuvi wa Ghawarna nao hawakurudi. Ziwa jipya ni sehemu ndogo tu ya lile la zamani.

Tukiyaweka maziwa haya mawili kando kwa kando, tunajifunza kwamba zipo njia mbili za kukausha. Hula lilikaushwa kwa mpango mmoja, mbele ya ramani, na watu waliojua wanalofanya na hawakujua litakalofuata. Haramaya lilikaushwa bila mpango wowote. Tumezoea kuiogopa njia ya kwanza, ya kampuni, ya serikali, ya mgeni mwenye tingatinga, na kuiogopa ni halali. Lakini njia ya pili haina mlango wa kugonga wala mtu wa kushtaki. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Haramaya inatuambia kwamba haba na haba hukitoboa pia.

Jambo la pili ni kwamba maji hayarudi kama yalivyoondoka. Yaliondoka kwa kila mtu kufanya lake. Hayarudi mpaka watu wafanye moja. Yaliondoka bila mkutano. Kurudi kwake kunataka vikao vingi, tena vya kuchosha. Na anayeombwa kuacha kitu ni lazima aonyeshwe atakula nini kesho, la sivyo mapatano ni karatasi.

Turudi basi Lokandu. Lualaba haitakauka kwa ndoo zetu. Lakini samaki wa Lualaba hawazaliwi wote katikati ya mto. Mto unapofurika, maji huingia msituni, hujaza mabwawa, viziwa na vijito vya pembeni, na huko ndiko samaki wengi hutaga na watoto wao hukua, mbali na mkondo na mbali na meno ya wakubwa. Mabwawa hayo ndiyo Haramaya yetu. Ni madogo na mengi, hayana jina katika ramani, na yana namna zile zile za kuisha. Kiangazi kinapofika tunayaziba na kuyatoa maji mpaka tope lionekane, tukiokota wakubwa na wadogo pamoja. Mwingine humwaga sumu ya mimea. Mwingine hutandaza chandarua cha mbu, ambacho hakimwachi hata yule mwenye ukubwa wa punje ya mchele. Mwingine hufyeka ukingo mpaka majini ili apande mpunga. Kila mmoja ana watoto nyumbani, na hakuna hata mmoja tunayeweza kumwita mharibifu bila sisi wenyewe kuinamisha macho, kwa kuwa samaki wale tumewala sote.

Kwa sababu hiyo hatupendekezi lawama, tunapendekeza hesabu. Wazee wa kila mtaa wataje mabwawa wanayoyakumbuka, na vijana wayaandike: lipi lingali na maji kiangazi, lipi limejaa tope, lipi limekuwa shamba, na tangu lini. Kazi hiyo haihitaji fedha wala mradi kutoka Kinshasa, daftari na miguu vinatosha. Baada ya kuhesabu, wavuvi, akina mama wanaotoa maji mabwawani na wenye mashamba wakae pamoja na kuchagua machache, hata mawili tu, yatakayoachwa bila kuguswa kwa misimu michache, na wapatane mapema jinsi ya kuwasaidia wale waliozoea kula kutoka hapo. Watu wa Haramaya walilazimika kukaa kikao cha namna hiyo wakiwa wamesimama juu ya tope lililopasuka. Sisi bado tunaweza kukaa maji yakiwa yangalipo, na mvua za masika zitatukuta na kinga mkononi.